Anza na mboga: ratiba ya chakula cha wiki na safari moja ya sokoni

Wengi wakipanga chakula cha wiki huanza na ugali na wali. Mimi huanza na mboga, yaani kitoweo cha kulia ugali au wali. Unga na mchele vinakaa, lakini hela inaishia kwenye kitoweo, na kinachooza jikoni ni mchicha na nyanya. Mfano wangu ni nyumba ya watu sita Dar es Salaam, yenye friji ndogo na jiko la gesi.

Hatua ya 1: Kagua kilichopo
Jumamosi usiku fungua kabati na friji, andika kilichobaki. Uliza pia nani hatakula nyumbani siku gani.

Hatua ya 2: Panga vitoweo kwa jinsi vinavyoharibika
Kinachooza haraka kiliwe mwanzo. Ukienda sokoni Jumapili asubuhi, chakula cha usiku kinaweza kwenda hivi:

- Jumapili: pilau ya nyama na kachumbari
- Jumatatu: ugali, samaki wa nazi, matembele
- Jumanne: wali, maharage, mchicha
- Jumatano: chapati na maharage
- Alhamisi: ugali, dagaa, kabichi
- Ijumaa: wali na choroko
- Jumamosi: viporo, au mayai na viazi

Samaki wa Jumatatu msafishe Jumapili hiyohiyo, mpake chumvi na ndimu, mkaange, kisha weka kwenye friji. Kesho yake unamuunga tu na nazi. Jumamosi usiijaze, wageni hawapigi hodi kwa ratiba.

Maharage ndiyo yanayookoa gesi. Loweka kilo moja usiku wa Jumatatu, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Nusu iunge kwa ajili ya Jumanne, nusu iweke kwenye friji bila kuiunga kwa ajili ya Jumatano. Ukishatia nazi hayakai vizuri.

Hatua ya 3: Geuza ratiba kuwa vipimo
Kwa watu sita, wakiwemo watoto, mimi hupima robo tatu kilo ya mchele kwa mlo mmoja, na unga wa ugali karibu kilo. Vijana wa sekondari wakiwepo, ongeza. Jumlisha wiki nzima, toa ulichokikuta kabatini.

Hatua ya 4: Gawa orodha kwa mahali pa kununulia
Sokoni: vitunguu, viazi, nyanya, karoti, kabichi, nazi, dagaa, maharage. Buchani: nyama. Dukani kwa Mangi: mafuta, chumvi, majani ya chai. Mchicha wa Jumanne mwachie mama wa genge, na hela yake itenge pembeni kabisa. Ukiununua Jumapili utakuwa umenyauka.

Hatua ya 5: Sokoni
Kariakoo, Ilala au Mabibo, nenda asubuhi. Piga hesabu ya nauli kwanza: kama unafuata vitu vichache, bajaji itakula unafuu wote, bora genge. Uliza bei kwa wauzaji wawili watatu kabla ya kununua. Sado moja, lile kopo la kupimia, inaweza kujazwa ikafanya kilima na nyingine ikasawazishwa, kwa hiyo angalia ujazo, si bei peke yake. Nyanya zimiminwe kwenye mfuko wako mbele yako uzione za chini. Chagua za kuiva, za nusu na chache za kijani, zifike mpaka Ijumaa. Vizito nunua mwanzo, nyanya mwisho, zisipondwe.

Hatua ya 6: Ukirudi
Nyama na samaki kwanza. Nyanya usizioshe mpaka siku ya kupika. Vitunguu na viazi usivichanganye, kila kimoja kipate kikapu chake penye hewa. Matembele yafunge kwenye gazeti kabla ya kuyaweka kwenye friji.

Umeme ukikatika muda mrefu, geuza ratiba: cha kwenye friji kipikwe siku hiyohiyo, dagaa na choroko wasubiri.