Kutoka Mimbarini hadi Kitabuni: Mwongozo kwa Mchungaji Anayetaka Kuandika

Mchungaji anayetaka kuandika kitabu cha imani kwa kawaida huanza kwa kukusanya madaftari yake ya mahubiri, akiamini kwamba kitabu kimo humo tayari na kilichobaki ni kukipeleka kiwandani. Malighafi imo kweli, lakini mahubiri na sura ya kitabu ni kazi mbili. Anayesikiliza kanisani anamfahamu mhubiri, anauona uso wake, na akipitwa na neno hulipata linaporudiwa. Msomaji wa Kigoma au Kitui hana lolote kati ya hayo. Ana karatasi tu, na akichoka hufunga kitabu bila kuomba radhi.

Wengi humtaja Charles Spurgeon, mchungaji Mbaptisti wa London, kama ushahidi kwamba mahubiri huchapishwa yalivyo. Ni kweli kwamba makarani wa hati mkato waliyaandika maneno yake alipokuwa akihubiri, na kwamba siku chache baadaye yaliuzwa kwa peni moja. Mfululizo huo ulianza mwaka 1855 na kuendelea hadi 1917, miaka 25 baada ya kifo chake. Kinachosahaulika ni kwamba kila Jumatatu Spurgeon alikaa na nakala ya makarani akiikata na kuirekebisha kwa kalamu.

Kazi hiyo ya Jumatatu huonekana vizuri tukichukua habari ya mgonjwa wa birika la Bethzatha katika Yohana 5. Mimbarini mhubiri husema: “Miaka thelathini na minane! Mwambie jirani yako, miaka thelathini na minane! Mvivu huyu, kazi yake kulalamika, kila siku sina mtu, sina mtu!” Kanisa huitikia, na hakuna anayefungua Biblia kuhakiki. Kwenye karatasi, mwito kwa jirani hauna budi kuondoka, kwa kuwa msomaji yuko peke yake. Tuhuma ya uvivu nayo iondoke, maana Yohana hakuitaja. Aidha, aya ya 4 yenye habari za malaika anayetibua maji haimo katika hati za kale zaidi za Kiyunani, ndiyo maana baadhi ya tafsiri huiweka kwenye mabano au chini ya ukurasa. Anayejenga hoja yake yote juu ya malaika huyo ajue kwamba atasomwa pia na watu waliopita chuo cha theolojia. Baada ya kupunguza hayo, yanaweza kubaki maneno haya: “Yohana hatuambii ugonjwa ulikuwa gani. Anatuambia muda wake, miaka 38. Kisha mgonjwa alipoulizwa kama anataka kuwa mzima, hakujibu ndiyo wala hapana, bali alieleza kwamba hana mtu.” Wapo watakaosema yamepoa. Kwa maoni yangu sasa ndipo yanaposomeka.

Kitabu kizima kijibu swali moja ambalo waumini huliuliza kweli, kwa mfano jinsi ya kuomba nyumbani penye msiba mrefu, wala si “maisha ya ushindi” kwa ujumla wake. Daftari lisilohusiana na swali hilo lisubiri kitabu kingine.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni habari za watu. Yaliyosemwa katika ushauri wa kichungaji hayaingii kitabuni bila ridhaa ya mwenyewe, na kubadili jina hakutoshi, kwa sababu usharika wa watu wanaofahamiana utamtambua mhusika kwa idadi ya watoto wake na mtaa anaokaa. Asiporidhia, habari yake iachwe, hata kama ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Kuhusu Maandiko, mwandishi achague tafsiri moja na kuitaja mwanzoni. Wengi hutumia Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952. Anayetaka kunukuu vifungu virefu kutoka tafsiri yoyote yenye hakimiliki aombe kwanza kibali kwa chama cha Biblia kinachohusika. Mswada upitiwe na mtu wa theolojia na, tofauti na huyo, mhariri wa lugha, ikiwezekana asiye mshirika wa kanisa lake, kwa sababu washirika huona haya kumsahihisha mchungaji.

Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13, hutolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya hushughulikiwa na KNLS, yaani Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kiwandani bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda, na hapo ndipo wengi hunaswa, wakachapa maelfu yanayoishia kwenye maboksi chini ya kitanda. Uchapaji wa kidijitali huruhusu kuanza na nakala chache, aanze nazo. Fedha za kitabu ziwe na daftari lake mbali na sadaka, na baraza la wazee lijue tangu mwanzo ni nani aliyegharamia uchapaji na mapato ni ya nani, kwa kuwa meza ya vitabu mlangoni pa kanisa huzaa maneno haraka.

Nakala moja ibaki mezani pa mwandishi. Kila kosa ambalo msomaji atalionyesha, iwe herufi iliyorukwa au rejeo la aya lisilo sahihi, liandikwe humo pembeni, ili toleo la pili lisichapwe kutoka faili lilelile.