Spitfire hii ni Mk ngapi? Anzia kwenye pua, rangi achana nayo

Ukiletewa Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, uikarabati, ukaambiwa eti ni Mk fulani (Mk ni Mark, yaani toleo, namba zake za Kirumi), usihangaike na rangi wala herufi za ubavuni, hizo zimepakwa upya mara nyingi tu tangu vita iishe. Nenda mbele uhesabu mapanga ya propela. Matatu mara nyingi ni Mk I, II au V (Mk I za mwanzo kabisa zilikuwa na mawili ya mbao), manne anza kufikiria IX au XVI, ila kama gurudumu la mkia linakunjwa kuingia ndani basi cheki VIII. Matano ni XIV, yenye injini ya Griffon, utaona na nundu mbili ndefu juu ya pua.

Halafu inama chini ya mabawa, hapa ndo penyewe. Mk V ina rejeta ya boksi chini ya bawa la kulia tu, kushoto kuna kipoza oili kidogo cha duara. Mk IX pande zote mbili zinafanana, sababu injini yake, Merlin 61, ina supachaja (pampu ya kushindilia hewa) ya hatua mbili, hewa ikishindiliwa mara mbili inachemka, lazima ipozwe kabla ya kuingia kwenye silinda. Mk IX iliingia kazini 1942 baada ya Focke-Wulf 190, ndege ya kivita ya Wajerumani, kuwatesa sana marubani wa Mk V, na kuna bodi za V zilizogeuzwa IX kiwandani, kwa hiyo usishangae ukikuta dalili za zote mbili. XVI kwa nje ni IX tupu, tofauti ni injini, Merlin 266 iliyotengenezwa na kampuni ya Packard ya Marekani, soma kibao cha injini.

Ncha za mabawa zilizokatwa zisikudanganye, zile zinafunguliwa na kubadilishwa tu. Hata lile filta kubwa la vumbi chini ya pua, ni mazingira ya kazi, siyo Mk.

Sasa kabla hujashika msasa, tafuta namba zilizogongwa kwenye vyuma. Namba hizo huanza na namba ya michoro ya kiwanda: 300 ni michoro ya Spitfire ya mwanzo na iliendelea kutumika kwenye matoleo ya baadaye, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu, lakini 349 ni ya Mk V, 361 ya IX na 379 ya XIV, ukikuta 361 kwenye kitu kinachouzwa kama Mk I uliza maswali jamani! Piga picha kila namba, tena na sehemu ilipokuwa. Usipulize mchanga kabisa, unafuta ushahidi na bati lenyewe ni jembamba.

Mhimili wa bawa una bomba za mraba zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, kutu inajificha katikati na kwa nje huoni kitu, so lazima zifunguliwe zipimwe na fundi mwenye leseni. Zikiwa zimeliwa weka mpya, na bati la zamani lenye namba litunze, ndo patani yako ya kukatia jipya.