Kabla Hujawasha Mkaa: Kisu cha Kukunja cha Sheffield ya Kale

Nina kovu la nyuzi nne kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kisu kilichonikata nilikitengeneza mwenyewe, kwa jioni zangu za miezi mitatu, hapa hapa Tanga. Kwa hiyo nisikilize kabla hujanunua hata tupa.

Kwanza chagua kisu kimoja cha zama moja. Usiseme tu "kisu cha zamani", maana utaishia na chotara. Visu vya kukunja ni vya kale mno: Warumi walikuwa navyo, vyenye mipini ya mfupa na ya shaba, lakini havikuwa na springi. Ubapa ulishikiliwa na msuguano tu, au kidole gumba chako. Springi ya mgongoni, ile inayokifanya kisu kifunguke kwa "tak", ilishamiri kuanzia karne ya 17, na mji uliojijengea jina kwayo ni Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Mafundi visu wa huko walikuwa na chama chao kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, kwa hiyo usidhani unaiga kazi ya watu wa kubahatisha. Mimi nilichagua aina ya Barlow: mpini mnene wa mfupa, kichwa kirefu cha chuma kinachokula karibu theluthi ya mpini, ubapa mmoja, basi. Kilikuwa kisu cha mtu wa kawaida, na ndiyo sababu nakipenda.

Ukishasema chako ni cha 1760, kaa na 1760. Chuma kisichoshika kutu hakipo, maana Harry Brearley alikipata mwaka 1913, tena katika mji huo huo. Kichwa cha mpini kiwe cha chuma cha kawaida, si kile cha madini meupe yanayong'aa kama fedha, ambayo yalikuja kwenye visu karne ya 19. Skrubu hakuna. Gundi ya kisasa, hakuna. (Mimi nilitia tone moja chini ya mfupa. Usimwambie mtu.)

Chora kwa ukubwa wake halisi, kisha kata umbo kwenye boksi gumu, uliunganishe kwa pini za cherehani, ulikunje na kulikunjua mezani. Hapo ndipo utagundua kwamba ncha inachungulia nje ya mpini, au kwamba makali yatagonga springi kila ukifunga. Kisigino cha ubapa, yaani kitako chake kinachoingia ndani ya mpini, kinahitaji kinundu kidogo cha kuyazuia makali yasifike kwenye springi. Kukisahau kwenye boksi ni hasara ya shilingi mia mbili. Kukisahau kwenye chuma ni wiki mbili zimepotea.

Mpini uwe wa mfupa wa ng'ombe au pembe ya ng'ombe. Pembe za ndovu usiziguse hata kama babu aliacha bangili kabatini. Najua historia inakuvuta: ndovu wengi wa bara letu walipitia Zanzibar na kuishia kwenye mipini ya visu na funguo za piano za Wazungu, na Sheffield ilikuwa mteja mkubwa. Lakini biashara hiyo ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na sheria zetu haziulizi kama ulitaka kipande cha sentimita nane tu. Mfupa unatosha. Chukua ule wa mguu kwa muuza nyama, toa uboho wote, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, usiuchemshe hadi ukawa kama chaki, halafu uanike kivulini wiki kadhaa. Anika juu. Mfupa wangu wa kwanza uliondoka na mbwa wa jirani, na jirani akacheka. Unapoukata na kuupiga msasa, vaa barakoa ya vumbi, na fanyia nje. Harufu yake peke yake itakuonya.

Vifaa: jiliwa, tupa tatu, msasa, nyundo ndogo, keekee, sumaku. Grenda si lazima, na kwa kazi ndogo hivi inaharibu kuliko inavyosaidia.

Sasa chuma. Kaa vizuri, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kila mtu atakwambia tumia springi ya lori. Ni bure au karibu na bure, na inafuliwa vizuri. Nilipata kipande kwa wauza vyuma chakavu, nikakata springi yangu ya mgongoni, nikaitia tupa mpaka ikakaa sawasawa na mgongo wa mpini katika mikao yote mitatu: kisu kikiwa wazi, kikiwa nusu, kikiwa kimefungwa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kisu hiki, na ilinila majuma. Nikaipasha moto, nikaichovya kwenye mafuta, nikairudisha motoni taratibu hadi ikageuka buluu. Rangi ilikuwa nzuri ajabu. Nikafunga mfupa, nikagonga ribiti zote, nikazisawazisha hadi hazionekani. Nikanoa. Nikawaita watu.

Nilikifungua na kukifunga mara kumi hivi mbele yao. Mara iliyofuata nikasikia sauti kama ya kijiti kikavu. Springi ilikuwa imekatika kwenye tundu la katikati, lile la kupitishia ribiti, ubapa ukakosa wa kuushika, ukajifunga wenyewe juu ya kidole changu.

Baada ya hospitali nilimpelekea vipande mzee mmoja aliyefua springi za malori tangu mimi sijazaliwa. Akavitazama juani. Pale palipokatika, nusu palikuwa peusi kama sufuria ya kuni, nusu pakimeta kama sukari. Akasema, "Mwanangu, hii ilichoka barabarani kabla hujaijua." Ile nusu nyeusi ulikuwa ufa wa zamani, mwembamba kuliko unywele, uliotokana na miaka ya kubeba mizigo kwenye mashimo. Moto wangu uliingia ndani ya ufa ukauunguza, na mimi nikaendelea kupiga msasa juu yake nikijiona fundi.

Basi haya fanya. Nunua chuma kipya cha bapa, cha kaboni karibu asilimia 0.95, na ukikosa, tumia tupa kuukuu kwa ubapa tu, baada ya kuilainisha motoni na kuiacha ipoe polepole ndani ya majivu. Springi itoke kwenye chuma kipya, hapa hakuna mjadala. Kata kwanza kijipande cha majaribio: kipashe hadi sumaku iache kukivuta, ongeza moto kidogo tu, kichovye, kisha kivunje kwenye jiliwa (miwani machoni). Ukiona punje laini kama unga wa sembe, umepatia. Ukiona punje kubwa, ulizidisha moto.

Halafu usigonge ribiti kabla kisu hakijafunguliwa na kufungwa mara mia moja kwa pini za muda. Mia, hesabu. Ribiti ikishagongwa huwezi kuitoa bila kuupasua mfupa, na mimi nilipoteza mfupa, kichwa na springi kwa siku moja. Na kunoa kuwe kazi ya mwisho kabisa. Ningekuwa sijanoa, kidole kingevimba tu, na mke wangu asingekuwa na hadithi ya kusimulia kila mgeni akija.

Mafuta ya kuchovyea yawe ya kupikia, yamepashwa hadi yawe ya moto lakini si ya kuunguza. Oili chafu ya gari inatoa moshi ambao hutaki kuuvuta. Tumia chombo cha chuma chenye mfuniko, kwa sababu yatawaka siku moja, na mfuniko ndio wa kuyazima. Maji kamwe. Ubapa urudishwe motoni hadi uwe rangi ya asali, springi hadi buluu. Ukichanganya hizo mbili, utapata kisu kisichokata na springi inayokatika.

Usigonge alama ya kiwanda chochote cha kale kwenye ubapa, hata kwa kujifurahisha. Weka yako na mwaka wako kwenye kisigino, pasiposuguliwa, ili mjukuu wa mtu asije akauziwa kama kitu cha karne ya 18. Ukikituma Uingereza, huko kisu cha kukunja kisichojifunga kwa kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, mtu anaruhusiwa kutembea nacho. Kirefu zaidi, au chenye kufuli, anatakiwa awe na sababu nzuri. Kwenye ndege kiende na mizigo ya chini. Uwanja wa ndege hawajali kwamba ni historia.

Mengine unayajua. Vaa pamba, si nailoni, karibu na moto. Mikono ya kanzu ikunjwe, au livue kabisa. Usishike keekee ukiwa unaongea na simu. Watoto wasikae upande ambao kipande kinaweza kurukia. Kama uko pwani, paka mafuta kila usiku, hata kama kisu hakijakamilika, maana chuma cha kaboni huku kinashika kutu kati ya isha na alfajiri. Na mfupa, nasema tena, anika juu.