Kuwafundisha wanafunzi wa shule ya msingi kushona na kujalidi vitabu

Mwalimu wa Mufindi au Rungwe anayetaka kuwafundisha wanafunzi wa darasa la nne na kuendelea kutengeneza vitabu kwa mikono anaweza kuanza na rimu moja ya karatasi za A4, sindano, uzi wa pamba, nta ya nyuki na karatasi ya kaki.

Somo la kwanza liwe la nyuzi za karatasi, kwani hapo ndipo uimara wa kitabu unapoanzia, nami nasikitika kuona likirukwa ili watoto wawahi gundi. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na watoto wanaoona magogo ya misindano yakitoka msitu wa Sao Hill kwenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo watalielewa jambo hili upesi. Nyuzi hizo zinapopita mashineni hulala zaidi upande mmoja. Ndiyo maana gazeti huchanika kwa mstari mnyoofu upande mmoja na kwenda kombo upande mwingine. Kila mtoto achane mwenyewe, aone. Mkunjo wa kitabu ufuate mlalo wa nyuzi, la sivyo kurasa hazitatulia kitabu kikifunguliwa. Katika karatasi nyingi za A4 nyuzi hulala kwa urefu. Kwa hiyo kata kila karatasi katikati kwa upana, kisha ukunje kila nusu kwa upana vilevile iwe ya kijitabu cha kuingia mfuko wa sare. Nusu nne zikipachikwa pamoja hutoa kurasa 16, na rimu ya karatasi 500 hutosha vijitabu 250.

Jalada la kaki lizungushwe nje kabla ya kutoboa. Matundu ni matatu: moja katikati ya mkunjo na mawili karibu na ncha, yakitobolewa kwa msumari mwembamba juu ya boksi lililokunjwa. Uzi uwe na urefu wa mara tatu ya kitabu na upakwe nta usijisokote. Sindano itoke nje kupitia tundu la katikati, iingie kwa tundu la juu, iruke la katikati kwa ndani na kutoka kwa la chini, kisha irudi ndani kwa lile la katikati. Ncha mbili zifungwe zikiukumbatia uzi mrefu uliopita ndani kutoka tundu la juu hadi la chini. Sindano zihesabiwe kabla na baada ya kipindi, na wembe ubaki mkononi mwa mwalimu.

Wakishamudu kushona, ndipo waendelee na jalada gumu la boksi lililovikwa kitenge. Gundi yake ni kijiko kimoja cha unga wa ngano kilichokorogwa katika vijiko sita vya maji baridi na kupikwa kwa moto mdogo hadi ing'ae. Jalada libanwe chini ya matofali, likitenganishwa kwa magazeti. Katika baridi ya Juni na Julai huko Njombe na Makete liachwe siku mbili, na magazeti yaliyolowa yabadilishwe kila asubuhi.