Namna ya Kupima Ahadi za India kwa Mataifa ya Visiwa vya Pasifiki

Mwanafunzi, mwandishi wa habari au mtafiti anayeanza kufuatilia uhusiano wa India na mataifa madogo ya visiwa vya Pasifiki hupokewa na matamko ya pamoja, picha za viongozi waliovikwa mashada, na orodha ndefu za miradi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifanyia kazi orodha hizo, kwa msingi kwamba ahadi ya kidiplomasia hupimwa kwa aina ya fedha iliyo nyuma yake na kwa yale yanayofuata baada ya wageni kuondoka.

Anza kwa kupanga tarehe. Jukwaa la Ushirikiano wa India na Visiwa vya Pasifiki, linalojulikana kwa kifupi FIPIC na linaloikutanisha India na nchi 14 za visiwa, lilizinduliwa Suva mnamo Novemba 2014, katika ziara ya kwanza ya waziri mkuu wa India nchini Fiji tangu ile ya Indira Gandhi ya mwaka 1981. Mkutano wa pili ulifanyika Jaipur Agosti 2015, na wa tatu Port Moresby, mji mkuu wa Papua New Guinea, Mei 2023. Pengo la takriban miaka minane lisichukuliwe moja kwa moja kuwa ni uzembe, kwa sababu janga la UVIKO-19 lilikula sehemu yake, na Septemba 2019 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, alikutana na viongozi wa visiwa hivyo mjini New York. Hata hivyo, weka kando ya tarehe hizo mkataba wa usalama ambao China na Visiwa vya Solomon walitia saini Aprili 2022. Mfuatano wa matukio si ushahidi kwamba moja lilizaa jingine, lakini msomaji ana haki ya kuuona.

Hatua inayofuata ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi, nayo ni kutenganisha fedha. Katika mkutano wa New York, India ilitangaza ruzuku ya dola milioni 12 za Marekani pamoja na fursa ya mkopo ya dola milioni 150 kwa miradi ya nishati jadidifu na ya tabianchi. Anayejumlisha tarakimu hizo na kuandika kwamba India imetoa dola milioni 162 anawapotosha wasomaji wake, kwa kuwa ruzuku hairudishwi, ilhali fursa ya mkopo ni kiwango tu cha juu ambacho nchi inaruhusiwa kukopa, na isipokopa hakuna fedha inayotoka. Isitoshe, mikopo ya India ya aina hiyo kwa kawaida hutaka asilimia 75 ya bidhaa na huduma zinunuliwe India kwenyewe, ingawa sharti hilo huweza kulegezwa. Kwa hiyo, tayarisha safu mbili tofauti, na katika safu ya mikopo uandike kiasi kilichotangazwa, kiasi kilichosainiwa na kiasi kilichotumika.

Fedha ndogo nazo zisidharauliwe kabla ya kugawanywa kwa idadi ya watu. Mwaka 2014 India ilitangaza kupandisha ruzuku ya kila mwaka kwa kila nchi kutoka dola 125,000 hadi dola 200,000. Kwa Papua New Guinea, yenye watu takriban milioni 10, hizo ni senti mbili kwa kila mtu, lakini kwa Niue, yenye wakazi wasiofika 2,000, zinazidi dola 100.

Ukifika kwenye mpango wenye hatua 12 ambao India iliutangaza katika mkutano wa Port Moresby, pambanua kinachotimizwa kwa usafirishaji na kinachohitaji kuendeshwa. Kambi ya kutoa miguu ya bandia hukamilika ndani ya muda mfupi. Mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, zilizoahidiwa kwa nchi zote 14, huhitaji maji safi, umeme usiokatika na mafundi, na hospitali ya moyo iliyoahidiwa Fiji huhitaji madaktari na bajeti ya kila mwaka. Uliza nani atalipa katika mwaka wa tatu, wala usikubali kambi iliyofanikiwa itumike kama uthibitisho wa hospitali.

Kuhusu maslahi, andika kwa uangalifu. Kati ya nchi hizo 14, 12 ni wanachama wa Umoja wa Mataifa, Niue na Visiwa vya Cook zikiwa hazimo, na India inatafuta kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama. Marekebisho ya Mkataba wa Umoja huo yanahitaji theluthi mbili ya wanachama 193 na pia ridhaa ya wanachama wote watano wa kudumu, hivyo kura za visiwa zina thamani bila kutosha. Vilevile usiifanye Fiji kuwa kioo cha eneo zima: Wahindi zaidi ya 60,000 walipelekwa huko kama vibarua wa mkataba kati ya 1879 na 1916, historia ambayo Tuvalu au Palau haina.

Mwisho, soma madai ya visiwa vyenyewe kabla ya maelezo ya mgeni. Azimio la Boe, tamko la usalama la viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki la mwaka 2018, linataja mabadiliko ya tabianchi kuwa tishio kubwa kuliko yote kwa watu wa Pasifiki. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Glasgow mwaka 2021, India ilishiriki kuzindua mpango wa miundombinu imara kwa mataifa ya visiwa, na katika mkutano huohuo ikashinikiza maneno kuhusu makaa ya mawe yabadilishwe kutoka kuyaondoa hadi kuyapunguza, jambo lililowasikitisha wajumbe wa visiwa waziwazi. Matukio hayo mawili yaandikwe katika ukurasa mmoja, na anayeandika moja peke yake aulizwe sababu.