SOMO: Kumtafuta babu baharia aliyekataa ubatizo

Nimechoka kujibu swali hili faraghani. Babu alikuwa baharia wa ziwa Tanganyika, alibishana na mapadri mpaka kufa, sasa mjukuu anataka kujua maisha yake na haoni pa kuanzia. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Andika jina lake, jina la baba yake, kijiji na chifu wake.

2. Piga picha karatasi zote za nyumbani, mbele na nyuma. Karatasi yenyewe isitoke nje.

3. Jua mwajiri. Wakati wa Wabelgiji, meli za upande wetu wa ziwa, upande wa Kongo, zilikuwa hasa za CFL, kampuni ya reli iliyoundwa 1902. Bandari ilikuwa Albertville, Kalemie ya leo. Reli na meli hizo ziliishia mikononi mwa SNCC, shirika la reli la taifa, na makao yake makuu yako hapa hapa Lubumbashi. Usipande treni kabla ya kuuliza hapa.

4. Tafuta namba ya matrikule, yaani namba yake ya usajili kazini, kwenye buku yake ya kazi. Jina hurithiwa, namba hairithiwi. Karani Mfaransa aliandika Kalounga, Mflamandi akaandika Kaloenga, na wote wawili walimaanisha Kalunga. Tafuta kwa tahajia zote.

5. Kanisa. Ndiyo, kanisa. Hapa ndipo wengi wanapotea: wanasema "hakubatizwa, basi hayumo", wanaruka parokia nzima. Yeye hakubatizwa, lakini je, mke wake? Watoto wake? Mtoto akibatizwa, padri anaandika na jina la baba, hata baba awe mpinzani wake mkubwa. Kando ya jina angalia neno la Kilatini *paganus*, yaani mpagani. Kama alifunga ndoa na mke Mkristo kanisani bila yeye kubatizwa, ilihitajika ruhusa maalumu, kwa hiyo kwenye daftari la ndoa tafuta *disparitas cultus*, yaani tofauti ya dini. Tena kuna daftari la familia, *status animarum*, linaloorodhesha nyumba kwa nyumba.

Angalizo: usimwombe katibu wa parokia "faili la babu". Atakwambia hakuna, na atakuwa hajakudanganya. Mpe jina la ubatizo la bibi au la mtoto wa kwanza, na mwaka wa kukadiria. Na ukikuta baba mwenye jina lile lile, usishangilie mpaka kijiji na jina la mke vilingane. Ukioanisha watu wawili hapo, ukoo wote utakaofuata ni wa jirani.

Kwa pwani ya Tanganyika, Mpala na Kirungu zilikuwa misheni za Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, na kila misheni yao iliandika shajara. Mtu mtulivu hatajwi humo. Babu mbishi ana bahati yake: ubishi wake huenda uliandikwa. Makao yao makuu Roma yana hifadhi ya nyaraka za shirika.

6. Nyaraka za utawala wa koloni ziko Brussels, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Waandikie kwa Kifaransa, barua fupi, na vyote vya hatua ya 1 na ya 4.

MASWALI

Wa Katuba: Mkubwa, nitumie link ya kumpata babu. Anaitwa Ilunga.

— Ilunga wa nani? Kijiji gani? Hatua ya 1.

Kijana wa Kamalondo: Babu alikana Mungu kabisa, wewe unatupeleka kwa mapadri. Unatupotezea muda.

— Hatua ya 5 umeisoma au umeitazama? Sikusema alisali. Nimesema aliandikwa.

Mama Neema: Yaya, babu yetu alikuwa fundi wa mashine kwenye meli ya Liemba. Hapa Lubumbashi watakuwa na habari zake?

— Sidhani, mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kulipa usafiri. Liemba ndiyo ile Graf von Götzen ya Wajerumani. Waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza kazi tena 1927 chini ya shirika la reli la Tanganyika, Tanzania bara ya leo. Mwajiri wake alikuwa ng'ambo. Anzeni Kigoma, kisha Hifadhi ya Taifa kule Dar es Salaam. Ila kama watoto walizaliwa upande wetu, hatua ya 5 inabaki vilevile.

Mwalimu wa Ruashi: Nitajuaje kama alikuwa huru na dini zote, au alikuwa Kitawala tu?

— Swali zuri sana, mwalimu. Kitawala, dini iliyotokana na Watchtower, walikuwa na imani yao, na utawala uliwaogopa: waliofungwa au kupelekwa uhamishoni wana mafaili ya serikali, hivyo ulizia Brussels. Asiyetaka dini yoyote haachi faili la namna hiyo. Mtazame kwa watoto. Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, alipofungua shule za serikali zisizo za misheni, kuanzia 1954, baba wa aina hiyo angeweza kumtoa mtoto kwa mapadri na kumpeleka huko. Si ushahidi peke yake, lakini ukikutana na mke Mkristo na *paganus* mpaka uzeeni, unaanza kumwona mtu.

Mama Neema: Na buku yake imeanza kuchanika. Niiplastifie?

— Hapana! Ule moto na gundi havitoki tena. Bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na mchwa. Wino uliofifia upige picha dirishani asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni, bila flashi.

Wa Katuba: Ilunga wa Kabwe. Kijiji sijui.

— Muulize shangazi yako. Leo.