Kuchangia mayai ukiwa ughaibuni: anza kwa kumpigia mama simu Kigoma

Naandika haya nikiwa likizo kwa mama, Mwanga, Kigoma mjini. Jana jioni binti mmoja wa Kasulu anayesoma Uingereza alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Ameona tangazo la kliniki inayotafuta wanawake weusi wa kuchangia mayai. Anataka kusaidia, anaogopa sindano, na swali lake kubwa alilirudia mara tatu: "Dada, nyumbani lazima wajue?"

Ni wa nne kuniuliza mwaka huu, kwa hiyo nimeona niandike. Mimi nilichangia mara moja, mwaka 2021, nikiwa na miaka 31, huko Uingereza ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee. Jibu langu ni kwamba nyumbani wajue, na wajue kabla ya sindano ya kwanza. Bila wao hata fomu ya mwanzo huwezi kuijaza ukamaliza.

Tuanze na kile unachotoa, maana uvumi ni mwingi. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Anapovunja ungo yamebaki laki tatu au nne hivi. Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, moja ndilo hupevuka, na mengine yote hufa mwilini bila wewe kujua. Sindano za homoni huyafanya yale ambayo yangekufa mwezi huo yapevuke pamoja na lile moja. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba utajimalizia mayai na kubaki mgumba, ujue sivyo mwili unavyofanya kazi. Yai lako linarutubishwa maabara, kisha kiinitete kinawekwa kwenye mfuko wa uzazi wa mwanamke mwingine, naye ndiye anayebeba mimba na kujifungua.

Huyo mwingine ni nani? Ni mwanamke ambaye hedhi ilikata akiwa na miaka 30. Ni aliyepona saratani lakini dawa zikamuachia ovari zisizotoa kitu. Ni yule ambaye kwetu angeitwa tasa mbele ya mawifi zake. Na wanawake weusi wanaosubiri mayai huko ughaibuni husubiri kwa shida zaidi, kwa sababu wachangiaji weusi ni wachache, na wengi wa wanaosubiri wangependa mtoto afanane na familia atakamokulia. Hilo ndilo lililonisukuma mimi. Nilikuwa namhudumia bibi mmoja ambaye binti yake alikuwa kwenye foleni hiyo, na nilimwona akihesabu miezi.

Nchi uliyopo inaruhusu?

Usidhani Ulaya yote ni moja. Ujerumani imekataza uchangiaji wa mayai kwa sheria ya kulinda viinitete ya mwaka 1990, kwa hiyo wewe uliye Berlin, tangazo lolote la Kijerumani la kutafuta mayai likutie shaka. Sweden iliruhusu mwaka 2003, Norway mwaka 2021 tu. Kanada inaruhusu, ila sheria yake ya mwaka 2004 inakataza kununua mayai. Utarudishiwa gharama zako basi.

Uingereza kliniki zote zina leseni ya HFEA, mamlaka inayosimamia kliniki za uzazi, na kwa kawaida mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 35. Fidia ni pauni 985 kwa mzunguko mmoja tangu Oktoba 2024. Mimi nilipewa 750, kiwango cha wakati ule. Mayai ya mtu mmoja hayatumiki kwa familia zaidi ya 10, na una haki ya kupunguza idadi hiyo. Mimi niliandika mbili. Unaweza pia kuondoa ridhaa yako hadi pale kiinitete kitakapowekwa kwa mpokeaji, na hakuna wa kukudai chochote. Ukipitia kliniki yenye leseni, mtoto si wako kisheria: huna haki juu yake na huna wajibu wa kumtunza.

Marekani ni habari nyingine. Kule kuna mawakala, na malipo hufika maelfu ya dola. Madaktari wa uzazi wa huko hupendekeza mchangiaji awe na miaka 21 hadi 34, na asizidishe mizunguko sita maishani. Mahakama ya kodi ya Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba fedha hizo ni kipato kinachokatwa kodi. Ndiyo maana, kama upo kwa viza ya mwanafunzi, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujasaini. Na popote ulipo, anayekudai ada ya kujiandikisha, au anayetaka kukusafirisha nchi nyingine huku akishika pasipoti yako, mkimbie.

Naomba niseme jambo moja kuhusu fedha. Kama ada ya chuo inakubana na umeona hapa ndipo pa kutokea, subiri kwanza. Mwenye dhiki husaini haraka na kusoma baadaye, na hizi ni karatasi za kusomwa mara mbili.

Fomu na mama mkubwa

Hapa ndipo wenzetu wengi hukwama. Kliniki hukuuliza magonjwa ya wazazi wako, ndugu zako, babu na bibi wa pande zote mbili, mama wadogo na wakubwa, shangazi na wajomba. Nani alikufa na umri gani, na kwa nini. Nani ana kisukari, kifafa, uziwi wa kuzaliwa, saratani ya matiti, ugonjwa wa akili. Mzungu hufungua simu na kumuuliza mama yake daktari alisema nini. Sisi kwetu mtu "aliugua tumbo akafariki", au "alitupiwa jini", na jalada la hospitali halipo.

Nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilimpigia mama na kumuuliza magonjwa ya ukoo bila kumwambia sababu. Akajua moja kwa moja kwamba mwanawe ameugua ugenini na anamficha. Kabla ya saa tatu usiku kaka zangu wawili walikuwa wameshanipigia, na Jumapili yake nikaombewa kanisani. Ilibidi nipige tena, niketi, nimweleze kila kitu kutoka mwanzo.

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Na huyo mtoto ataitwa wa nani?" Nikamwambia ni wa yule atakayembeba tumboni. Mama yangu amelea mtoto wa kaka yake tangu akiwa na miezi minane, na yule kijana hadi leo anamwita mama mbele ya yeyote. Sikumkumbusha hilo, alilikumbuka mwenyewe. Kesho yake alipanda gari kwenda Kasulu kwa mama mkubwa, na jioni nikapigiwa na wote wawili, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu.

Chukua daftari, siyo simu, kwa sababu watataja watu wengi na utataka kuchora mishale. Usiulize "alikufa kwa ugonjwa gani". Uliza alikuwaje. Mama mkubwa alizaa watoto sita, nami niliwajua wanne. Wale wawili, alisema, walikuwa wakivimba vidole vya mikono na miguu wangali wachanga, macho yakiwa ya njano, wakilia usiku kwa maumivu ya mifupa. Watu walisema wamerogwa. Mhudumu wa afya yeyote akisikia maneno hayo atafikiria selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na Tanzania ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo.

Nilipopimwa damu, nikakutwa nabeba kinasaba kimoja cha selimundu. Siumwi na sitaumwa, ila naweza kumrithisha mtoto. Kliniki haikunikataa. Walichofanya ni kumpima mwanamume ambaye mbegu zake zingetumika, kwa sababu akiwa naye anabeba, kila mtoto ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa na ugonjwa. Hakuwa nacho, tukaendelea. Selimundu maabara ingeiona hata kama mama mkubwa asingesema. Lakini saratani ya matiti iliyomchukua bibi akiwa bado kijana, au kifafa cha mjomba, hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachokitaja. Hayo yako kwenye vichwa vya wazee wa Kasulu, Ujiji na Buhigwe, na wazee hao wanazidi kupungua.

Mwambie daktari pia tarehe ulizokuwa Kigoma. Wanauliza safari kwa ajili ya malaria na maambukizi mengine, na ukificha likizo yako unamhatarisha mtu mwingine. Vipimo vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende ni lazima, jiandae kuvipokea kwa utulivu.

Siku za sindano

Sindano ni za kujichoma mwenyewe, kila siku kwa siku kumi hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Unafinya nyama ya tumbo chini ya kitovu, sindano ni fupi na nyembamba, unahesabu hadi kumi kabla ya kuichomoa. Nilikuwa najichoma saa mbili usiku jikoni, taa kubwa ikiwaka, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka chumbani kwenye taa hafifu. Baadhi ya dawa hukaa kwenye friji. Kama unaishi na wenzako, weka kwenye kopo lenye kifuniko na uwaambie si insulini ya mtu.

Utakwenda kliniki kwa altrasaundi na vipimo vya damu mara kadhaa, karibu zote asubuhi, kwa hiyo zungumza mapema na msimamizi wako wa zamu. Usikutane na mwanamume bila kinga siku hizi, unaweza kupata mimba ya watoto zaidi ya mmoja. Mayai yakikomaa unachoma sindano ya mwisho kwa saa kamili uliyopewa, na saa 36 hivi baadaye yanavunwa. Unapewa dawa ya kukulaza, daktari anapitisha sindano ukeni akiongozwa na altrasaundi na kunyonya maji ya kila kifuko. Nusu saa imetosha. Yangu yalipatikana 11. Lazima awepo mtu wa kukurudisha nyumbani; mimi alinichukua rafiki yangu wa Bujumbura, akanipikia ugali na dagaa wa Kigoma niliokuwa nimewaweka kabatini tangu Krismasi.

Hatari yenyewe ni ovari kuchochewa kupita kiasi. Tumbo kujaa kidogo ni kawaida. Tumbo likivimba na kukaza, ukatapika, mkojo ukawa kidogo, pumzi zikakuishia, hiyo si ya kungoja kesho. Kwangu tumbo lilivimba siku ya nne, Jumapili, na namba ya dharura niliyopewa na kliniki iliita bila kupokelewa mara tano. Nilikwenda hospitali ya karibu mwenyewe, wakanitazama usiku mmoja, nikapona. Tangu hapo namwambia kila dada: ipige namba hiyo kabla ya kuanza sindano, tena usiku, uone nani anapokea.

Na tiketi ya kuja nyumbani usikate mpaka hedhi ifuatayo imefika, kwa kawaida wiki mbili hivi baada ya kuvuna. Ndege ya masaa mengi na tumbo lililojaa maji ni hatari ya damu kuganda, na ukiunganisha na treni ya Dar hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, utakuwa mbali na msaada kwa muda mrefu mno.

Dini

Hapa sitamwamulia mtu. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanakataza yai au mbegu ya mtu wa tatu kuingia kwenye ndoa, kwa sababu nasaba inachanganyika. Wapo wanazuoni wa Kishia waliotoa ruhusa. Kanisa Katoliki linakataza, na Vatikani ilieleza hivyo bayana mwaka 1987. Kama wewe ni wa Ujiji na msikiti ndio maisha yenu, kaa na shehe unayemwamini kabla ya kukaa na daktari. Mimi ni Mwanglikana, mchungaji wetu alinisikiliza, akasali, akasema uamuzi ni wangu. Si kila mtu atapata jibu hilo, na kusema hapana ni haki yako kamili.

Miaka 18 baadaye

Uingereza iliondoa usiri wa wachangiaji tarehe 1 Aprili 2005. Mtoto aliyezaliwa kwa yai lako akifika miaka 18 anaweza kupewa jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na anwani yako ya mwisho iliyopo kwenye kumbukumbu. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuwaambia watu wako, pamoja na mume uliye naye au utakayempata, na wanao. Barua ikifika, isimkute mtu ambaye hajui inatoka wapi.

Utaombwa pia uandike maneno machache kwa mtoto huyo, ukipenda. Niliandika kwa Kiswahili kwanza, nikatafsiri chini yake. Nilimwambia kuhusu ziwa linavyokuwa na rangi mbili asubuhi, na kwamba upande wetu watu ni warefu wa vidole.

Mchangiaji ana haki ya kuuliza matokeo: idadi ya watoto, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, basi. Nilisubiri mwaka mzima kabla ya kuuliza. Mmoja, wa kike, 2022.

Atatimiza miaka 18 mwaka 2040, na mimi nimepanga kuwa nimerudi Kigoma kabla ya hapo. Nimehama nyumba mara mbili tangu nichangie, na kila mara nimewatumia anwani mpya. Asubuhi ya leo mama amenipa namba ya sanduku lake la posta, nimeiandika kwenye lile daftari, chini ya majina ya wale watoto wawili wa mama mkubwa.